Manchester, Mji wa Pamba

Msomaji wangu, ukisikia jina la Manchester naamini akili yako huruka mara moja mpaka kiwanja cha mpira. Sikulaumu. Katika Kenya ya leo si rahisi kupata kijiji, hata kilicho mbali na barabara kuu, ambamo hutamkuta mvulana aliyevaa fulana nyekundu au ya samawati kwa ajili ya mji huo, naye akawa tayari kugombana na nduguye wa tumbo moja kwa sababu ya mahali ambapo hajapata kupatia machoni. Lakini mama ya bibi yako, kama aliishi pwani au karibu na njia ya reli, yamkini aliujua mji huo kwa namna nyingine kabisa. Yeye hakuushangilia. Aliuvaa.

Kitambaa kile kigumu cha pamba ambacho wazee wetu walikiita merikani kilipata jina hilo kwa kuwa kililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani, hasa za bandari ya Salem, tangu miaka ya 1830. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, merikebu hizo ziliadimika, na vitambaa vya Bombay na vya Uingereza vikaingia mahali pake. Jina halikubadilika. Mtu aliendelea kununua merikani ambayo haikuiona Marekani hata siku moja. Na vitambaa vya Uingereza, vingi mno vilifumwa katika jimbo la Lancashire na kupitia mikononi mwa matajiri wa Manchester.

Mimi niliishi katika mji huo miaka mitatu, tangu mwaka 1987, nilipokwenda huko kusoma. Nataka kukusimulia habari zake kidogo. Siwezi kukueleza zote, maana hazienei katika kurasa chache kama hizi. Nitakueleza yale ambayo wenyeji wenyewe huyakumbuka wakikaa pamoja, na yale ambayo kwa muda mrefu walipendelea kuyanyamazia.

Kukua kwa Manchester kulikuwa kwa haraka ya kutisha. Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji wa Bridgewater, ambao kwa huo mashua zilileta makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley, na bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu. Makaa yakawa chakula cha mitambo ya mvuke, na mitambo ikasokota nyuzi za pamba mchana na usiku. Mwaka 1801 watu wa mji walipohesabiwa walikuwa zaidi kidogo ya 70,000. Ilipofika mwaka 1851 walikuwa wamepita 300,000. Tarehe 15 Septemba 1830 ilifunguliwa reli ya kuunganisha Manchester na Liverpool, na siku ile ile ya sherehe mbunge mmoja, William Huskisson, aligongwa na injini akafa. Kituo cha reli hiyo bado kipo, nacho ni sehemu ya jumba la makumbusho. Kijana wa Kijerumani aitwaye Friedrich Engels aliwasili mwaka 1842, akiwa na umri wa miaka 22, kufanya kazi katika kampuni ambayo baba yake alikuwa mshirika wake. Alitembea katika vichochoro vya maskini na kuandika kitabu juu ya hali yao, kilichotoka mwaka 1845. Ukisoma historia ya siasa utakutana naye tena, kwa hiyo simwelezi zaidi hapa.

Watu hupenda kuicheka mvua ya Manchester. Nami niliilaani kwa lugha zote nizijuazo. Walakini unyevu huo ulikuwa mali: katika hewa kavu uzi wa pamba hukatika upesi, bali katika hewa yenye majimaji huvutika na kustahimili. Mawingu yale yale yaliyonipa mafua ndiyo yaliyowapa wengine utajiri.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mwenye umri wa miaka sabini hivi. Aliniita “mpenzi” tangu siku ya kwanza. Nilishtuka sana, maana kwetu neno hilo halitupwi ovyo, na mtu wa umri wake ningelimwamkia kwa shikamoo na kutazama chini. Nilitulia niliposikia akimwita vivyo hivyo mwuza samaki, dereva wa basi, na paka wake. Ndiyo desturi ya watu wa huko, nayo ni desturi njema. Hata mgeni aliyetoka mbali huondolewa ugeni kwa neno moja.

Bibi huyo alizaliwa katika mji mdogo kaskazini ya Manchester, akaingia kiwanda cha kufuma nguo alipotimiza miaka 14, kama walivyofanya wasichana wengi wa rika lake. Alinihadithia kwamba palipokuwa pangali na giza mtu maalumu alipita mitaani na fimbo ndefu, akigonga madirisha ya ghorofa ya juu kuwaamsha wafanyakazi, naye alilipwa senti chache kila wiki na kila nyumba. Nani alimwamsha mwamshaji? Nilimwuliza, akacheka, akasema kwamba swali hilo watoto wote waliliuliza na hakuna aliyepata kujibiwa. Kisha mtaa mzima ulitoka kwa wakati mmoja. Walivaa viatu vyenye nyayo za mti zilizopigiliwa chuma, na mlio wake juu ya mawe ya barabara ulikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Mimi nilimweleza habari za mitalawanda ya Lamu, naye akafurahi kujua kwamba wako watu wengine duniani wanaotembea juu ya mbao.

Ndani ya kiwanda kelele za mitambo zilizidi kiasi, hata mtu hakuweza kumsikia jirani yake aliye hatua moja. Basi wafumaji walijifunza kusemezana kwa midomo tu, pasipo sauti, wakiitanua na kuikunja kila neno lisomeke. Nilishuhudia ustadi huo kwa macho yangu. Jioni moja bibi alisimama ndani ya dirisha lililofungwa, naye rafiki yake wa zamani wa kiwandani alikuwa ng'ambo ya barabara, ndani ya dirisha lake. Wakazungumza kwa robo saa. Sikusikia hata neno moja, ila niliona wazi kwamba walikuwa wakimsengenya mtu.

Na vizingiti! Kila mama wa nyumba alisugua kizingiti chake cha mlango kwa jiwe laini lenye rangi nyeupe au ya manjano, ambalo alilipata kwa mpita njia mwenye mkokoteni kwa kubadilishana na matambara. Moshi wa viwanda uliyafanya majengo yote kuwa meusi kama masizi ya chungu, na mwanamke maskini hakuwa na uwezo wa kuusafisha mji; lakini yadi moja ya jiwe mbele ya mlango wake ilikuwa mamlaka yake, na hapo hakukubali kushindwa. Asiyesugua alisemwa mtaa mzima.

Bibi alipenda kuyasimulia haya, lakini hakupenda mtu mwingine ayasifu. Mama yake, aliniambia, alikuwa mzee kabisa alipofikia miaka arobaini. Yeye mwenyewe aliharibika masikio kwa zile kelele. Nimesoma insha nyingi za watu wanaokumbuka utoto wao wa dhiki kana kwamba ulikuwa karamu. Ukiziona, msomaji, zisome kwa makini na ujiulize ni nani aliyekuwa akisugua kizingiti.

Sasa nataka nikuulize jambo ambalo katika mazungumzo yale ya midirishani halikutajwa: pamba yenyewe ilitoka wapi? Haioti Uingereza. Kabla ya mwaka 1861 sehemu kubwa kabisa ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani, nayo ililimwa na kuchumwa na watumwa. Mwaka 1860 watumwa wa Marekani walikuwa karibu milioni 4, na wazazi wa wazazi wao walikuwa wamechukuliwa kutoka bara letu hili la Afrika. Kwa hiyo nyuzi nyingi zilizosokotwa Manchester zilikuwa zimekwisha kupita katika vidole vya mtu asiyelipwa. Matajiri wa mji walilijua jambo hilo vizuri, na baadhi yao walipinga utumwa kwa maneno makali mchana, na asubuhi yake wakainunua pamba.

Vita vya Marekani vilipoanza, manowari za Kaskazini ziliziba bandari za Kusini, na pamba ikakoma kuja. Viwanda vikafungwa. Katika baridi ya mwaka 1862 watu karibu 500,000 katika Lancashire na wilaya zilizo jirani walikuwa wakiishi kwa msaada. Watu waliuza viti, wakauza vitanda, wakauza nguo walizofuma wenyewe. Ililetwa pamba ya India, ambayo nyuzi zake ni fupi na hukatika kila mara, na wafanyakazi waliichukia sana. Wako waliotaka Uingereza iingie vitani upande wa Kusini ili bandari zifunguliwe, na sauti za namna hiyo zilikuwa nyingi, Liverpool na hata katika Lancashire yenyewe. Lakini tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi na watu wengine wa Manchester walikutana katika ukumbi wa Free Trade Hall, wakapitisha barua kwa Rais Abraham Lincoln ya kuunga mkono vita dhidi ya utumwa. Kesho yake, siku ya mwaka mpya wa 1863, Lincoln alitia sahihi tangazo la kuwapa uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Tarehe 19 Januari aliwajibu watu wa Manchester kwa barua yake mwenyewe, na mwezi uliofuata meli iitwayo George Griswold ikafika Liverpool na shehena ya chakula kwa ajili ya wenye njaa.

Mimi sijui sana kulia mbele ya masanamu, lakini lile la Lincoln lililoko Manchester nililizoea nikalipenda. Lilitengenezwa na Mmarekani George Grey Barnard, likakusudiwa London. Wakubwa fulani wakaona kwamba linamwonyesha Rais kama mtu mnyonge, mwenye mikono mikubwa kupita kiasi na nguo zisizokaa sawasawa. Basi London ikapewa sanamu nyingine, na hili likapelekwa Manchester mwaka 1919. Lilisimama katika bustani ya Platt Fields hata mwaka 1986, lilipohamishiwa katikati ya mji. Kwa maoni yangu Manchester ilipata lililo bora. Mikono ile ni ya mtu aliyepata kupasua kuni.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mji ulijifunza huruma tu kwa njaa ile. Ulijifunza pia kutoitegemea nchi moja. Mwaka 1902 kiliundwa Manchester chama cha kuendeleza kilimo cha pamba katika makoloni ya Uingereza, na muda mfupi baadaye mbegu zilifika Uganda. Mkulima wa Buganda na wa Busoga akawa analima kwa ajili ya mitambo ya Lancashire, na marobota yake yakateremka kwa reli ile ile unayoijua mpaka Mombasa, yakapakiwa melini. Kisha pamba yetu ikarudi kwetu ikiwa kitambaa, na tukainunua. Hesabu ya faida ya safari hiyo, nenda na kurudi, unaweza kuifanya mwenyewe.

Mwaka 1913 Uingereza iliuza nchi za nje vitambaa vya pamba vya urefu wa yadi karibu bilioni 7. Haikupata kufika tena hapo. Vita vilikuja, na baada ya vita India na Japani zilifuma nguo zao. Mwaka 1931, katika vuguvugu la Wahindi la kususia vitambaa vya Kiingereza, Mahatma Gandhi mwenyewe alikwenda Lancashire kuwaeleza wafanyakazi waliopoteza kazi sababu ya mgomo wake, na ajabu ni kwamba walimpokea kwa vifijo. Bibi alikuwa ndiyo kwanza aanze kazi mwaka huo. Hakumwona Gandhi, ila alikumbuka watu wazima wakibishana juu yake mezani, baba akimlaumu na mama akisema kwamba mtu aliyevaa shuka iliyosokotwa nyumbani hawezi kuwa mwivi.

Soko kuu la pamba la Manchester, liitwalo Royal Exchange, lilikoma kufanya biashara mwaka 1968. Tangu mwaka 1976 ndani yake mna ukumbi wa michezo ya kuigiza. Ukiingia, tazama juu karibu na dari. Ubao wa bei bado uko pale, na namba zilizoandikwa juu yake ni bei za siku ile ya mwisho.

Nimetaja Free Trade Hall, nami siwezi kuupita ukumbi huo bila kukuambia umejengwa juu ya nini. Mahali pake palikuwa sehemu ya kiwanja kiitwacho St Peter's Field. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika hapo, wengi wakiwa wametembea kwa miguu kutoka miji na vijiji vya pembeni, wamevaa nguo zao za Jumapili, wanawake na watoto miongoni mwao. Haja yao ilikuwa uwakilishi katika bunge, kwa maana mji mkubwa kama huo haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Henry Hunt alipopanda jukwaani kuhutubia, mahakimu waliamuru akamatwe, na wapanda farasi wakauingia umati na panga mkononi. Wanahistoria wengi huhesabu waliokufa kuwa 18, na waliojeruhiwa mamia. Mmoja wao, John Lees wa Oldham, alikuwa amepigana vita vya Waterloo mwaka 1815 kwa ajili ya mfalme wake, akarudi salama, akaja kuuawa na panga za nchi yake. Kwa kejeli watu wakayaita mauaji hayo Peterloo. Gazeti la Manchester Guardian, ambalo siku hizi ni The Guardian tu, lilianzishwa mwaka 1821 na mtu aliyekuwa ameandika habari za siku ile.

Katika miaka yangu palikuwa na kibao cha samawati katika ukuta wa ukumbi. Kilisema kwamba Hunt alihutubia watu 60,000, na kwamba kutawanywa kwao na askari hukumbukwa kwa jina la Peterloo. Kutawanywa! Tafakari neno hilo, msomaji, wewe unayefundishwa kuchagua maneno. Kuku hutawanywa. Mkutano wa hadhara uliokwisha hutawanyika. Kibao hakikutaja damu, wala mauti, wala panga. Hakikusema uongo hata neno moja, na bado mpita njia aliondoka akiwa amedanganywa. Wenyeji walioudhika nacho walidai na kudai, hata mwaka 2007 kikawekwa kibao chekundu kinachosema kwamba watu waliuawa. Mwaka 2019, miaka 200 kamili, ikajengwa kumbukumbu ya mawe yenye majina ya waliokufa na ya miji waliyotoka. Imefanywa kwa ngazi za mviringo ili watu wapande juu yake na kuzungumza. Basi hapo tena mzozo ukazuka, kwa kuwa mtu asiyeweza kutembea hawezi kupanda ngazi, na ni neno gumu kujenga jukwaa la usawa ambalo wengine hubaki chini yake. Nadhani waliolalamika walikuwa na haki.

Na mpira je? Naona umesubiri kwa uvumilivu. Timu nyekundu ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath, na ya samawati ilianzia katika kanisa la mtaa wa Gorton mwaka 1880. Zote mbili ni watoto wa watu wa kazi ngumu. Kiwanja cha Old Trafford, ukitaka kuwatania mashabiki, kiko nje ya mpaka wa mji wa Manchester. Ukutani pake pana saa inayokumbusha tarehe 6 Februari 1958, ndege iliyowabeba wachezaji ilipoanguka Munich, wakafa watu 23, wanane wao wakiwa wachezaji. Bibi, ambaye hakujua sheria moja ya mpira, alikumbuka alikuwa akinunua mkate habari zilipofika, na kwamba mwuza mkate alifunga duka.

Nije sasa kwa jambo lililonisukuma kuandika. Tangu miaka ya 1950 hata ya 1970 serikali ya mji ilibomoa nyumba nyingi sana za zamani zilizokuwa chakavu na zisizo na choo cha ndani. Mitaa mizima ya Hulme, Ardwick na Chorlton-on-Medlock ilifutika, na watu wakahamishwa kwenda Wythenshawe na mahali pengine mbali. Katika Hulme yalijengwa majumba makubwa ya zege yaliyopinda kama mwezi mwandamo, yakamalizika mwaka 1972. Yalivuja, yalikuwa baridi, yakajaa wadudu, na katika miaka ya 1990 yalibomolewa nayo. Nyumba ulizozaliwa zimevunjwa, na zilizochukua nafasi yake zimevunjwa pia: utamwonyesha nini mjukuu wako? Ndiyo sababu wazee wa huko hupenda mno kukaa pamoja na kukumbushana. Hawana tena mawe ya kuwasaidia.

Bibi alinichukua mara kadha katika kikao cha namna hiyo, katika chumba cha maktaba ya mtaa. Walileta picha, wakanywa chai, wakabishana. Nilisikia wanaume wawili wakigombana karibu saa nzima juu ya duka fulani, kama lilikuwa upande wa kushoto au wa kulia, ilhali barabara yenyewe haikuwapo tena. Walikumbuka matembezi ya wiki ya Pentekoste, watoto wamevaa nyeupe na bendi zikipigwa. Walikumbuka mabomu ya Wajerumani siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1940. Yote haya waliyasema kwa “sisi”: sisi tulikuwa hivi, sisi tulifanya vile, milango yetu haikufungwa kwa ufunguo.

Siku moja alikuja mzee mmoja mzaliwa wa Jamaika, aliyekuwa dereva wa mabasi. Alisikiliza kwa adabu mpaka habari ya milango ilipofika. Kisha akasema polepole kwamba yeye aliwasili mwaka 1955, na milango aliyoikuta ilifungwa. Alizunguka siku tatu akitafuta chumba, na katika madirisha palikuwa na karatasi zilizoandikwa kwamba watu weusi hawapokelewi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeongeza duka lililosahauliwa katika ramani.

Chumba kilinyamaza. Nilitazama chini, kama unavyotazama chini wakubwa wakikosana. Halafu mama mmoja, mnene, mwenye miwani, akasema, “Naikumbuka karatasi hiyo. Mama yangu alibandika moja dirishani petu.” Mzee wa Jamaika akamwuliza ilikuwa mtaa gani. Akamtajia. Mzee akafikiri kidogo, akasema, “Huko sikufika.” Mtu akamwaga chai katika vikombe, na yule aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao akauliza kama aandike na hilo. Mama mwenye miwani akasema, “Liandike.”

Nimesoma vitabu vingi vya historia ya mji huo, na vizuri vyake navithamini. Lakini sijaona ukurasa uliogharimu kiasi kile.

Na katika Chorlton-on-Medlock hiyo hiyo iliyobomolewa liko jambo ambalo sisi wa Kenya tuna haki ya kulidai kuwa letu. Tangu tarehe 15 hata 21 Oktoba 1945, katika ukumbi wa mji wa mtaa huo, ulifanyika Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika. Wajumbe walikuwa karibu 90. Mkubwa wao kwa umri na heshima alikuwa W. E. B. Du Bois wa Marekani, aliyekuwa na miaka 77. George Padmore wa Trinidad alikuwapo, na Kwame Nkrumah, na Amy Ashwood Garvey, na Jomo Kenyatta, aliyesema kwa niaba ya Afrika Mashariki. Mkutano ulifanyika Manchester kwa sababu palikuwa na wenyeji wa kuwapokea: daktari Peter Milliard, na Ras Makonnen, wote wawili wazaliwa wa Guyana. Makonnen alikuwa na mikahawa mjini, na faida ya sahani za wali na mchuzi ikasaidia kulipa gharama za mkutano. Walikuwapo pia watu wa mji wenyewe, kama Len Johnson, bondia mashuhuri ambaye kwa rangi ya ngozi yake alikatazwa kugombea ubingwa wa Uingereza. Walidai uhuru wazi, bila kuupamba kwa maneno ya kuomba. Magazeti mengi ya Uingereza hayakushughulika nao sana. Mwaka uliofuata Kenyatta alirudi nyumbani. Mwaka 1957 Ghana ilikuwa huru, na mwaka 1963 sisi.

Nilipowauliza wanafunzi wenzangu ukumbi huo ulipo, hawakuujua. Wazee wa maktaba waliujua, lakini kwa sababu nyingine: baadhi yao walicheza dansi humo. Nilipowaambia ni nani waliokaa katika viti vile mwaka 1945 walishangaa, na yule mama mwenye miwani akaniuliza majina yao yanaandikwaje.

Ukijaliwa kwenda Manchester, shuka katika kituo cha Oxford Road, fuata barabara ya jina hilo kuelekea kusini mpaka bustani ndogo ya All Saints, kisha uitafute barabara ya Cavendish iliyo kando yake. Utaona uso wa jengo la mawe lenye nguzo nne za namna ya Kiyunani, la tangu miaka ya 1830. Ni uso tu uliobaki. Nyuma yake ni jengo jipya la chuo kikuu. Mwaka niliporudi kutembea nilikuta kibao chekundu kinachotaja mkutano ule. Kiko mahali pa kusomeka vizuri, ukisimama karibu, na wanafunzi wapitao huko hawatakuzuia.